Marejeo ni Haki ya Mwenye Maneno

Katika kazi zote za uandishi wa kitaalamu, hakuna inayodharauliwa kama uandikaji wa marejeo. Mwanafunzi huuacha hadi usiku wa mwisho. Mwalimu huukagua kwa kuhesabu nukta na mikato. Na mhariri wa jarida humrudishia mwandishi mswada wake kwa kuwa mwaka umewekwa nje ya mabano. Ndiyo maana wengi wetu tumekuja kuamini kwamba marejeo ni pambo la mwishoni mwa makala, na kwamba kanuni zake, zikishatoka ng'ambo, hazina la kujadiliwa. Sisi twaikataa imani hiyo. Marejeo ni ushahidi. Ndipo mahali ambapo taifa linatamka nani alisema nini, na lini. Ushahidi ukiandikwa kombo, mwenye mali huitwa mgeni katika shamba lake mwenyewe.

Mfano tunao karibu. Mwaka 1903, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, kilichapishwa kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani yetu ya Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na aliyefia huko mwaka 1927. Waswahili wengine pia walichangia. Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika mji huohuo wa Berlin, aliyakusanya maandishi hayo na kuyahariri. Basi fungua makala za kitaalamu zilizoandikwa tangu wakati ule, uone jinsi kitabu hicho kinavyotajwa. Utakuta jina moja na mwaka mmoja: Velten, 1903. Mtoro hayumo.

Hatusemi haya ili kumshtaki Velten. Ukurasa wa jina wa kitabu hicho unasema wazi kwamba yeye ni mkusanyaji na mhariri. Haudai kuwa yeye ndiye mtunzi. Aliyemwondoa Mtoro si ukurasa ule. Ni mazoea ya wanaorejelea, ambao hulichukua jina lililo kwenye jalada, wakaliweka mbele, wakatia mkato na mwaka, wakaona wamekwisha timiza wajibu. Mwaka 1981 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, ambayo jina lake lenyewe linamtaja Mtoro kuwa mwenye kitabu. Juu ya hayo wapo waliotokea kuandika: Allen, 1981. Hivi ni kusema kosa la kwanza lilitoka kwa kutojua? La hasha. Limetokana na kanuni inayofuatwa bila ya kufikiriwa.

Sasa tumchukue mwanafunzi wa sekondari wa Kiwangwa. Kijiji chake kiko bara ya Bagamoyo, kwenye barabara iendayo Msata, katika nchi ya mashamba ya mananasi wanamoishi Wakwere, Wazigua na Wadoe. Mwanafunzi huyu anataka kujua yaliyoandikwa zamani juu ya watu wa kwao. Yapo. Katika kitabu kingine alichokusanya Velten, Safari za Wasuaheli cha mwaka 1901, Mtoro huyohuyo amesimulia safari yake ya Udoe na Uzigua, pamoja na habari na mila za Wadoe. Lakini orodha ya marejeo itamwambia mtoto huyu nini? Itamwambia kwamba habari za nchi yake ziliandikwa na Mjerumani. Atafunga kitabu akiamini kwamba babu zake walikuwa watu wa kuandikwa tu, wala hawakuwa watu wa kuandika. Kasumba ya namna hii haihitaji hotuba ili imwingie mtoto. Mkato na mabano vyatosha.

Liko pia suala la majina. Kanuni iliyoenea hutaka jina la mwisho litangulie, kwa kuwa huko ilikotoka jina la mwisho ni la ukoo. Kwetu sisi, neno «bin» ni kiungo cha mtoto na baba yake. Ukiandika «Bakari, M.» umemtanguliza baba na kumficha mwana nyuma ya herufi moja, na Bakari wa aina hiyo ni wengi kama mchanga wa pwani. Shaaban Robert naye huandikwa «Robert, S.», hali Robert ni jina la baba yake, na hakuna mwalimu hata mmoja asimamaye darasani akasema kwamba Robert alitunga Kusadikika.

Tutajibiwa kwamba majarida yanahitaji utaratibu mmoja, na kwamba kompyuta zimeshapangwa hivyo. Utaratibu twaukubali kwa moyo wote. Marejeo yasiyo na utaratibu humpoteza msomaji. Lakini utaratibu haulazimu kuiga. Watu wa Iceland, ambao majina yao ya mwisho ni ya baba pia, hupangwa katika orodha za nchi yao kwa majina yao wenyewe, na maktaba zao hazijavurugika. Kwa nini sisi tushindwe?

Wala asitokee mtu wa kutwambia kwamba kutaja chanzo ni elimu ya kigeni. Wanazuoni wa pwani hii walifundishwa kwamba hadithi haipokewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani. Watunzi wengi wa tenzi walifunga utungo kwa beti za kutaja majina yao na tarehe ya kumaliza kazi. Watu waliokuwa na desturi hiyo hawana haja ya kufundishwa heshima ya jina. Wanahitaji kukumbushwa tu.

Lakini haki hii tunayoidai kwa wengine, je, sisi wenyewe twaitoa? Mtafiti huenda Kiwangwa, huketi na wazee siku tatu, huandika jinsi walivyoeleza matambiko na historia ya koo zao, kisha katika makala yake husema: «wazee wanasema». Wazee gani? Tunamlaumu mgeni kwa kumsahau Mtoro, nasi twawazika wazee wetu katika neno moja la jumla! Mzee aliyekubali kutajwa na atajwe kwa jina lake kamili, kijiji chake, na tarehe ya mazungumzo, katika orodha ileile wanamowekwa wenye vitabu. Asiyetaka kutajwa ahifadhiwe, na sababu ielezwe.

Kwa hiyo twawaomba walimu wafanye mambo matatu. Kwanza, wawafundishe wanafunzi kuuliza swali moja kabla ya kuandika rejeo lolote: maneno haya ni ya nani? Aliyeyatoa atangulie, mhariri na mfasiri wafuate na kazi zao zitajwe. Tuandike, kwa mfano: Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake (1903), Desturi za Wasuaheli, mhariri C. Velten, Göttingen. Pili, jina la mtu liandikwe kama mwenyewe alivyolitumia. Tatu, mapokeo ya mdomo yawekwe katika marejeo. Wahariri wa majarida yetu ya Kiswahili nao waziweke kanuni hizi katika maelekezo yao kwa waandishi, ili mswada urudishwe kwa kukosa jina la msemaji, wala usirudishwe kwa kukosa nukta peke yake.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mtoro hakuwa mnyonge. Alikuwa mwalimu na mwandishi. Haki yake imechelewa miaka mia na zaidi, na kalamu ya kuirudisha imo mikononi mwa kila mwanafunzi atakayeandika jina lake kwanza.