Bandikeni bei kwanza, uaminifu tutaongea baadaye

Kila wiki lazima nione stetasi ya kutugombeza vijana wa Malindi na Kilifi: ati hatununui vyombo kwa watu wetu, tunakimbilia supamaketi, Mombasa au kuagiza mtandaoni, tunaua biashara za nyumbani. Nimechoka, acha niseme. Mteja hana deni la uaminifu kwa mtu.

Ingia duka la vyombo hapa mjini uulize bei ya sufuria. Muuzaji haitazami sufuria, anakutazama wewe. Viatu, simu, lafudhi. Kuna duka, jina sitaji, niliambiwa beseni ni 450. Binamu yangu akaenda baada ya saa moja na leso yake na Kigiriama chake, akapewa kwa 280. Beseni lile lile, la bluu. Na likipasuka kesho, risiti huna, kwa hivyo hukununua. Malindi tulizoea bei ya Mtaliano na bei ya mwenyeji. Sasa watalii wakipungua, Mtaliano ni wewe.

Hao wakubwa nao wasijidanganye na kadi zao za pointi. Jina Nakumatt lilitoka kwa Nakuru Mattress, duka la magodoro. Likakua mpaka matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, watu wakitembea na kadi yake kama kitambulisho. Kufika 2017 rafu zilikuwa tupu, wanaoleta mali hawajalipwa. Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ifungwe. Nani alilia? Watu walihamia Naivas, na Naivas ndiyo iliyonunua matawi sita yaliyobaki. Tuskys ikafuata njia ile ile. Kadi ikabaki ya kufungulia mlango uliojifunga.

Na huu wimbo wa "wetu" pia una kasoro. Naivas ilianzia Nakuru, sawa, lakini 2022 IBL ya Mauritius na wenzake walichukua asilimia 40 ya hisa. China Square ilipofunguliwa Nairobi Januari 2023, watu walijaa kwa sababu bei ilikuwa chini tena imebandikwa. Februari wafanyabiashara wakaandamana, na Moses Kuria, waziri wa biashara wakati huo, akasema yuko tayari kununua mkataba wa lile jengo wapewe wafanyabiashara wa Gikomba na Nyamakima. Yule mama aliyekuwa kwenye foleni hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Halafu hiyo chupa ya chai unayoniuzia wewe "mtu wetu", hebu igeuze usome chini imetoka wapi.

Kinachoniuma ni kwamba maduka yetu yana silaha ambayo supamaketi haina: daftari. Kuna mama anampa jirani godoro kwa mdomo tu, nusu leo nusu mwisho wa mwezi. Keshia gani atakufanyia hivyo? Fundi wa kitanda naye, kikianza kulia unampigia anakuja na nyundo. Hapo mimi narudi, na beste zangu nawaleta, bila kadi wala pointi. Lakini huwezi kunipiga bei Jumatatu, Jumanne uniite ndugu.

Katiba yenyewe, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Kibandiko na kalamu ni pesa ngapi?

Wanafunzi wapya wa Pwani University wakiingia Kilifi watahitaji ndoo, meko, godoro, pasi, kila kitu kwa siku moja, na mzazi amebana hesabu. Wiki hiyo nitapita na kamera, Kilifi kisha Malindi. Duka lenye bei zimebandikwa na risiti mkononi nitalitangaza bure, hata likiwa la mtu aliyenigombeza kwenye stetasi yake. Yule wa beseni la bluu ana muda mpaka hapo.