Si foleni, ni kutoambiwa

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anailaumu foleni kwa hofu ya wanaosubiri hospitalini. Mimi nasema foleni ni sehemu tu. Nimekaa na mama mkwe kwenye benchi la idara ya dharura, na kilichotutoa jasho ni kutojua. Waliokuja nyuma yetu wanaingizwa, sisi tupo tu, na hakuna wa kutuambia kwamba pale haangaliwi nani katangulia bali nani yuko hoi zaidi. Mfumo wa Afrika Kusini, unaotumika pia katika nchi nyingine za Afrika, humpanga mgonjwa kwa rangi: nyekundu ahudumiwe papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Nesi akikwambia mgonjwa wako ni wa kijani, utanung'unika, lakini roho itatulia. Akinyamaza, unaanza kuwaza msiba.

Halafu lile la ndugu kutumwa dirisha la malipo huku mgonjwa kaachwa peke yake, anasikiliza mashine ya kitanda cha pili ikilia nyuma ya pazia! Hilo mwandishi kalipita haraka mno. Kuta za hospitali zipakwe rangi nzuri, sawa, ila kwanza apatikane mtu wa kupita benchi kwa benchi akieleza kinachoendelea.