Mlima haujaamka, umebadilisha stesheni tu

Kila nikifungua simu napata mtu wa huku kwetu ameandika "Mlima umeamka." Hapa Ruring'u ukikaa kwa kinyozi dakika kumi utaambiwa hivyo mara tatu. Wasee, tuache kudanganyana.

Angalieni tarehe. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yakaingia kwa mshahara. Ukilalamika uliambiwa nini? "Hii serikali ni yetu, vumilia." Mwaka huo huo Gachagua anatuambia serikali ni kama kampuni ya hisa, na sisi tukajiona matajiri. Nani aliuliza hizo hisa zinalipa lini?

Halafu tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 282 wakapiga kura ya kumng'oa, na Seneti ikamaliza kazi tarehe 17. Ghafla mzee aliyenitusi mwezi wa Juni nikiposti kuhusu Mswada wa Fedha ndiye ananitumia video za gharama ya maisha! Makato ya nyumba yalikuwa asilimia 1.5 kabla ya hiyo kura na yakabaki 1.5 baada yake. Kilichomgeuza ni kwamba mtu wetu ameumizwa.

Chuo niliacha, sawa, na kwa komenti hamchoki kunikumbusha. Lakini kitu kimoja nilitoka nacho. Mwaka 1986 Wamarekani wawili, Richard Petty na John Cacioppo, walieleza kwamba mtu hushawishika kwa njia mbili. Moja, anapima hoja yenyewe. Ya pili, anaangalia anayeongea: ni wetu? Anachekesha? Umati unashangilia? Msimamo unaopatikana kwa hiyo njia ya pili haukai, akija mwingine mtamu zaidi unaenda naye. Wilbaro ilitunasa hivyo. Wantam inatunasa hivyo hivyo, hata kama mimi mwenyewe naipenda.

Najua mtasema 2022 Uhuru alituambia tumpigie Raila tukakataa, kwa hivyo sisi tunafikiria. Zii. Mtu ukimsukuma sana atakataa hata kitu kizuri, juu hataki kuamuliwa. Wengi wetu hata manifesto ya Raila hatukuifungua. Na ya Ruto je? Guka wangu mpaka leo anajua wilbaro tu.

Simtetei Ruto, msianze. Shida yangu ni 2027. Mtu yeyote atakayesimama uwanja wa Ruring'u aongee Kikuyu kitamu, ataje vile tumedharauliwa, alie kidogo, atatubeba wote na hajasema neno moja kuhusu makato. Na wao wanajua hivyo kutuliko.

Mimi nitakuwa hapo na simu yangu. Nitamuuliza akichaguliwa hiyo 1.5 itakuwa ngapi. Mkinizomea nitaiposti hivyo hivyo, bila kukata.