Kiungo ni Amana

Mwaka 1988 Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah, liliruhusu kwa masharti mgonjwa kupewa kiungo cha mwenziwe, na likakataza kukiuza. Ruhusa hiyo ni rehema. Lakini rehema nayo yataka uangalifu.

Mwaka 2004, huko Texas, Marekani, wagonjwa wanne walitiwa ini, figo na kipande cha mshipa wa damu vya marehemu mmoja. Wote wanne wakafa kwa kichaa cha mbwa. Baadaye ndipo ilipojulikana ya kuwa marehemu yule alikuwa ameumwa na popo.

Kirusi huweza kujificha ndani ya kiungo. Naye mpokeaji hupewa dawa za kupunguza kinga ya mwili, ili usikikatae kiungo kigeni. Basi ugonjwa humkuta hana ngao. Madaktari hupima damu, lakini aliyeambukizwa karibuni huenda kipimo kisimtambue, wala si kila kirusi hupimwa.

Kwa hiyo, ndugu zetu, madaktari wakiwauliza habari za mtoaji, aliugua nini, aliumwa na mnyama gani, msifiche neno kwa kuona haya. Ushahidi huo ni amana. Wala msinunue figo kwa siri: auzaye kwa dhiki ana sababu ya kuficha maradhi yake.

Hatusemi haya kuwatisha. Wengi wameishi kwa viungo vya wenzao. Twasema ili atakaye kuokoa nafsi asiidhuru pasipo kujua. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.