VING'ORA KWANZA, MTAMBO BAADAYE



Habari za mtambo wa atomiki mmekwisha kuzisikia. Mwanzo ulikuwa wa Uyombo, kule Kilifi, na mwaka wa 2024 watu wa Uyombo wakaandamana kuukataa. Mwaka wa 2025 macho ya wakubwa yakageukia Siaya, kando ya ziwa. Twaahidiwa stima nyingi, kazi nyingi, barabara na shule. Sisi hatugombani na stima. Wenzetu wa viwandani wanajua stima ikikatika katikati ya zamu ni mshahara wa nani unaokatwa pamoja nayo. Lakini liko neno moja ambalo hatujalisikia katika hotuba hizo, nalo ni king'ora.

Kila mfanyakazi anakijua king'ora cha kiwanda. Kinalia asubuhi, na ukichelewa dakika tano karani amekwisha kuandika jina lako. King'ora hicho tajiri hasahau kukijaribu hata siku moja, maana kinamlindia faida yake. Sasa twauliza habari ya king'ora cha namna nyingine, kile kinachosimamishwa juu ya mlingoti nje, maili nyingi kuuzunguka mtambo wa atomiki, ili siku sumu yake ikitoka watu wajue kabla ya kuivuta puani. Sumu hiyo haina harufu wala rangi. Mtu aliye shambani hawezi kuijua kwa macho yake. Lazima aambiwe.

Tusidanganywe kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Afrika nzima, mtambo wa atomiki unaowapa watu stima mpaka leo ni mmoja tu, Koeberg, karibu na Cape Town, uliofanya kazi tangu mwaka wa 1984. Huko kila mwaka ving'ora hupigwa kwa sauti yake yote. Siku na saa hutangazwa mapema, kisha vinalia Melkbosstrand, Duynefontein, Bloubergstrand, hata kisiwa cha Robben kilicho baharini. Tena si mlio mtupu. Hufuata maneno ya watu kwa Kiingereza, Kiafrikana na Kixhosa, ili kila mmoja asikie kwa lugha yake kwamba hili ni jaribio, na siku isiyo ya jaribio afanye nini: aingie ndani, afunge madirisha, afungue redio na kungoja amri. Twalitaja hili la lugha kwa makusudi. King'ora kitakachosema Kiingereza peke yake katika kijiji cha Siaya kitamwonya nani? Mkaguzi aliyekuja kwa gari, labda. Twataka Kidholuo na Kiswahili. Na wavuvi wa omena, ambao usiku kucha wako majini na taa zao, wajulishwe nao kama vile kisiwa cha Robben kinavyojulishwa.

Ving'ora hivi havikuletwa na huruma ya matajiri. Vililetwa na ajali. Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri, mtambo wa Three Mile Island katika Pennsylvania, Marekani, uliharibika. Siku mbili zikapita kabla ya gavana kuwashauri wanawake wenye mimba na watoto wadogo walio ndani ya maili 5 waondoke. Baada ya aibu hiyo ndipo mwaka wa 1980 Marekani ikaweka kanuni kwamba kila mwenye mtambo awe na njia ya kuwaamsha watu wote walio ndani ya maili 10, katika dakika 15 hivi.

Kwingine hawakujifunza. Mtambo wa Chernobyl ulipasuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Asubuhi yake watoto wa mji wa Pripyat, ulio hatua chache kutoka mtamboni, walikwenda shule kama kawaida. Mabasi ya kuwahamisha watu yalianza kuondoka siku ya pili saa nane mchana. Katika miezi michache ya mwanzo wafanyakazi wa mtambo na wazima moto 28 walikufa kwa mionzi. Wangalieni waliokufa ni akina nani, ndugu. Na Japani je, nchi ya mashine? Mwaka wa 2011, baada ya tetemeko na mawimbi kuuvunja mtambo wa Fukushima Daiichi, amri ya kuhama ndani ya kilomita 3 ilitolewa tarehe 11 Machi saa tatu na dakika 23 usiku. Tume ya Bunge la Japani ilichunguza baadaye ikaona kwamba saa hiyo watu waliokuwa na habari ya ajali katika mji wenye mtambo walikuwa asilimia 20 tu. Watu wa mji wa Namie waliokimbia walielekea Tsushima, upande uleule ambao upepo ulikuwa ukiipeleka sumu, na serikali ilikuwa na hesabu za upepo huo mkononi. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu akinyamaza, tusikie nini?

Basi tuje kwenye jaribio lenyewe, maana hapa ndipo hila huingia. Yako majaribio ya namna tatu. La kwanza ni la kimya: mtu ofisini hutuma ishara, king'ora hujibu kwamba kipo, na nje hakuna anayesikia kitu. La pili ni la kunguruma kidogo. La tatu ni la sauti yote. Katika mwongozo wa Marekani la kimya lilitakiwa kila wiki mbili, la kunguruma kila miezi mitatu, na la sauti yote kila mwaka. Yote matatu yafaa, hatukatai. Lakini lile la kimya ushahidi wake wote uko katika karatasi za kampuni. La sauti yote shahidi wake ni mama anayepalilia, mchunga ng'ombe, bawabu wa usiku na kibarua wa mchanga. Wao ndio watakaosema: kwetu kilisikika, kwetu hakikusikika. Kwa hiyo mtu akituambia majaribio ya kimya yanatosha, twajua anachoogopa si kelele.

Na hesabu itolewe hadharani. Marekani mamlaka ya atomiki iliweka alama: ving'ora vikiitika chini ya mara 94 katika kila 100 kwa mwaka, kampuni ilikuwa ikiandikwa vibaya mbele ya watu wote. Hiyo ilikuwa alama yenye meno. Tena tazama mtambo wa Indian Point, kando ya mto Hudson, si mbali na New York. Mwaka wa 2005 Bunge la Marekani liliamuru ving'ora vya hapo viwe na betri, ili stima ikikatika visinyamaze. Kampuni ya Entergy ikapewa siku, ikachelewa. Mwaka wa 2007 ikatozwa dola 130,000. Ikachelewa tena. Mwanzoni mwa 2008 ikatozwa dola 650,000. Mwezi wa Agosti 2008 ving'ora vipya vikawa tayari. Kampuni kubwa haikukosa fundi wala nyaya, ilikosa kusukumwa tu.

Hapa Kenya sheria ya mwaka wa 2019 imeweka mamlaka ya kusimamia mambo ya atomiki, na sheria nyingine ya mwaka huohuo imeweka wakala wa kuuendesha mpango wa mtambo. Vizuri. Twawauliza wote wawili: faini ya king'ora kilicho bubu itakuwa shilingi ngapi, na ni nani atakayeilipa? Isije ikawa faini inatozwa halafu inaingizwa katika bili zetu.

Kuna wanaosema ving'ora ni vya zamani, siku hizi kila mtu ana simu. Simu ni nzuri kama msaidizi. Lakini tarehe 12 Januari 2020, Jumapili asubuhi, simu za jimbo zima la Ontario katika Kanada zililia kutangaza ajali katika mtambo wa Pickering. Ajali haikuwako. Ofisa wa zamu alidhani anajaribu tu, na ujumbe wa kusahihisha ulikawia dakika 108. Na Uingereza ilipojaribu ujumbe wake wa simu tarehe 23 Aprili 2023, wateja wengi wa kampuni moja ya simu hawakupata kitu. Ndiyo sababu ya kujaribu, wala si sababu ya kuacha. Na mvuvi ambaye simu yake imezimika, au ameiacha nyumbani isilowe, atategemea nini?

Wengine watasema mkipiga ving'ora mtawatisha watu. Mfanyakazi hatishwi na king'ora alichoelezwa. Hutishwa na kimya, na magari ya wakubwa yanayoondoka usiku bila neno. Na kama kweli mlio wa dakika chache kwa mwaka unatosha kuwafanya watu waukatae mtambo, basi walikuwa hawajaambiwa kitu tangu mwanzo.

Kwa nini twasema kwanza ving'ora? Kwa sababu ya Shoreham, katika Long Island, Marekani. Huko mtambo ulijengwa kwanza, na njia ya kuwaokoa watu ikatafutwa baadaye. Mwaka wa 1983 baraza la Suffolk likaamua kwamba watu hawawezi kuhamishwa kwa salama. Mtambo uliomeza zaidi ya dola bilioni 5 haukuuza stima ya biashara, na mwaka wa 1989 yakafanywa mapatano ya kuufunga. Deni likawekwa juu ya bili za stima za watu wa kule, miaka na miaka. Maskini kwa tajiri, wote wakalipia jengo tupu.

Liko pia jambo letu wenyewe ambalo hakuna atakayetusemea. King'ora kikilia, ni dereva wa basi atakayeambiwa ageuze gari kuelekea mtamboni kuwachukua watu. Ni muuguzi atakayeambiwa abaki hospitali, na mwalimu atakayeambiwa asiwaache watoto. Na wao wana watoto nyumbani. Je, wamefundishwa? Wana bima? Kibarua aliyeandikwa na kontrakta kwa mwezi mmoja, kazi yake kufagia ndani ya ua, jina lake limo katika orodha ya watakaohesabiwa langoni? Na mfanyakazi wa shamba akiacha jembe akaingia ndani kwa sababu king'ora kimelia, kisha ikawa ni jaribio, nyapara asimkate hata senti moja. Haya yaandikwe katika mapatano ya kazi, kwa maneno yanayosomeka, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Matawi ya Nyanza na ya Pwani yanaombwa kuandika mambo matatu na kuyaleta ofisini kabla ya mkutano mkuu: wanachama wangapi hufanya kazi nje usiku, lugha gani husemwa mahali pao pa kazi, na je, mahali hapo pana king'ora cho chote, hata cha moto, na mara ya mwisho kilijaribiwa lini. Tawi lisilo na karani wa kuandika litume mtu aje aseme kwa mdomo.