Bakteria Huwasiliana, Lugha Hawana

Si ajabu siku hizi kumsikia mwalimu wa Biolojia akiwaambia wanafunzi kwamba bakteria wana lugha. Mimi ni mwanaisimu. Sina ugomvi na Biolojia. Ugomvi wangu ni na neno hilo "lugha".

Jambo lenyewe ni la kweli, tena la kustaajabisha. Mwaka wa 1970, Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings walieleza jinsi bakteria fulani wa baharini wanavyong'aa pindi wanapokuwa wengi. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo. Wakiwa wachache, kemikali hiyo hupotelea majini; wakisongamana, hulimbikizana hadi kiwango fulani, nao huwaka kwa pamoja. Mnamo 1994 wataalamu waliazima istilahi ya mikutano kulitaja jambo hili: akidi. Nasi neno hilo tunalo tayari, maana Bunge la Taifa haliendeshi shughuli bila wabunge 50.

Wadoezi pia wapo. Baadhi ya bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa hutoa vimeng'enya vya kuvunjavunja protini akidi inapotimia. Miongoni mwao huzuka wasioitika wito huo, wasiotoa chochote, ila hula jasho la wenzao. (Msomaji asiwaze mbali.)

Naye Vibrio harveyi hutambua kemikali ya jamii yake na nyingine inayotolewa na aina nyingi za bakteria. Hapo mwalimu hushawishika kusema: lugha ya mama na Kiswahili! La hasha. Kemikali hiyo haikanushi, haiulizi, haisimulii ya jana. Wala haivunjwi vipande vikapangwa upya kuzaa sentensi isiyowahi kusikika, jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu hulifanya kabla ya chai.

Mtaniuliza, madhara yako wapi? Tazameni kipindupindu. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba vijidudu "huzungumza" na "kula njama" atatarajia Vibrio cholerae ashambulie akidi itimiapo. Kumbe ni kinyume: wakishakuwa wengi, bakteria hao huzima jeni za sumu na kujiandaa kuutoka mwili wa mgonjwa. Watafiti wanaotafuta dawa za kuvuruga ishara hizi huuliza kemikali ni ipi, imefika kiwango gani, inanaswa na protini ipi. Hawaulizi bakteria wamesema nini.

Basi vitabu viandike "mawasiliano ya kikemikali". Na mtahini atakayemnyima mwanafunzi alama kwa kulikataa neno "lugha", naomba atueleze kwanza sarufi ya lugha hiyo.