Maswali Matatu kwa Fundi wa Vitanda

Wiki hii tuzungumze habari ya mafundi wetu wa vitanda na wauzaji wa magodoro. Karibu kila kijiji kina seremala wake. Ana msumeno, randa, patasi na nyundo, na karakana yake ni kivuli cha mwembe. Mikono yake ni hodari, na kitanda alichokitengeneza hudumu mpaka wajukuu wakakirithi. Lakini mwulize habari ya leseni, atakujibu: “Leseni ya nini? Mimi sina duka, nina mwembe tu.”

Jibu hilo laonekana la haki, kumbe linampunguzia riziki yake mwenyewe. Shule ikitaka madawati, zahanati ikitaka vitanda, au Halmashauri ikitaka meza za ofisi, mnunuzi hutaka kuona leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi. Fundi wetu hana. Basi kazi huenda kwa fundi wa mjini, ambaye pengine ufundi wake haumfikii huyu wa chini ya mwembe. Fedha imetoka kijijini, na vijana ambao wangejifunza kazi kwake wamebaki barazani.

Wengi husema leseni ni mtego wa kodi tu. Mimi nasema tutazame vizuri. Karatasi zote anazodaiwa mwuza vitanda na magodoro hujibu maswali matatu, nayo ni maswali ambayo mama mwenye nyumba angependa kuuliza kabla ya kufungua pindo la khanga yake na kutoa fedha: Wewe ni nani? Mbao hizi umezipata wapi? Na ndani ya godoro hili mna nini?

Swali la kwanza: wewe ni nani? Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya mwaka 1972, inakataza mtu kufanya biashara pasipo leseni. Wafanyabiashara wakubwa, kama wale waagizao bidhaa kutoka nchi za nje, huipata BRELA. Mwenye karakana ndogo au duka la kijijini huipata katika Halmashauri yake, kwa Afisa Biashara. Yanayotakiwa si mengi. Uwe na namba ya kitambulisho cha Taifa. Kwa namba hiyo uende TRA upate namba ya mlipa kodi, yaani TIN, ambayo hutolewa bure. Uwe na mahali panapojulikana: kama ni pako, uonyeshe uthibitisho, kama umepanga, uonyeshe mkataba wa pango. Na ukitaka kuuza kwa jina lingine lisilo lako mwenyewe, jina hilo liandikishwe kwanza BRELA.

Sitaki kumdanganya mtu: ukipata TIN, TRA itakukadiria kodi. Ndiyo sababu yakupasa kuandika kila ulichouza na kila ulichonunua. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Asiye na daftari hukadiriwa kwa makisio ya mtu mwingine, wala hana la kujitetea.

Leseni yenyewe ni ya mwaka mmoja, nayo itundikwe mahali ambapo wanunuzi wataiona. Ukiwa na karakana hapa na duka kule, kila mahali pana leseni yake. Wala leseni si jembe la kuazima. Ya shemeji yako haikulindi wewe. Na mtu akikuambia, “Nipe fedha mkononi, kesho nakuletea leseni,” mkimbie. Fedha ya serikali hulipwa kwa namba maalum ya malipo, benki au kwa simu, na risiti hutoka. Pasipo risiti hujalipa kitu.

Swali la pili: mbao umezipata wapi? Hapa ndipo mafundi wengi wanapoungua. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, inataka mazao ya msitu yavunwe kwa kibali na yasafirishwe kwa hati ya kusafirishia. Miti ya asili kama mninga na mvule haikatwi hivi hivi tu. Tena mbao hazisafirishwi usiku. Basi mtu akikugongea mlango usiku wa manane akikuuzia mbao za mninga kwa bei ya kutupa, usifurahi. Bei ile ni ndogo kwa sababu hatari yote anakuachia wewe.

Fikirini yanayofuata. Mbao zikikamatwa, fundi hupoteza mbao na fedha aliyozinunulia. Na fedha ile mara nyingi si yake. Ni malipo ya kwanza ya wateja: huyu ameuza kahawa yake ili binti yake apate kitanda cha kuanzia maisha, na yule ameuza mbuzi wawili. Fundi atawajibu nini? Kwa hiyo kila anunuapo mbao, amtake mwuzaji risiti na nakala ya hati ya kusafirishia, azitunze pamoja katika jalada moja. Hata ukitaka kukata mti wa shambani mwako mwenyewe kwa ajili ya kuuza mbao, mwulize kwanza Afisa Misitu. Kuuliza si ujinga.

Swali la tatu: ndani ya godoro mna nini? Zamani mama alijaza godoro mwenyewe, kwa sufi, au pamba, au majani makavu, na alijua amelalia nini. Siku hizi twanunua sponji iliyokwisha kushonewa kitambaa cha maua, chenye kung’aa. Twaona maua, sponji hatuioni. Ndiyo kununua mbuzi kwenye gunia.

Hila hii si ya kwetu peke yetu. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, watu wadanganyifu walijaza magodoro kwa matambara machafu na pamba iliyokwisha kutumika, wakayauza kama mapya. Jimbo la California likaanzisha mwaka 1911 ofisi ya kukagua biashara hiyo. Hata leo katika jimbo hilo mtengenezaji na mwuzaji wa magodoro hutakiwa leseni, na godoro hushonewa kipande cha kitambaa chenye maandishi ya kueleza lililojazwa, na kama ni jipya au limetumika. Mwuza duka haruhusiwi kukibandua kipande hicho. Mnunuzi akiisha kulipa anaweza. Sheria imemlazimu mwenye godoro kusema kwa maandishi kile ambacho kitambaa kinaficha.

Kwetu Tanzania kazi ya viwango ni ya TBS, ambayo siku hizi hufuata Sheria ya Viwango, Na. 2 ya mwaka 2009. Unaponunua godoro, tafuta alama ya TBS. Libonyeze kwa kiganja katikati na pembeni, uone kama linarudi upesi. Chukua rula upime unene: ukiambiwa inchi 6, ziwe 6, maana inchi moja iliyoibwa ni fedha iliyoibwa. Halafu dai risiti. Na wewe ushonaye magodoro ya pamba au sufi, usichanganye kujazia kwa zamani ukasema ni kupya; kunguni na uchafu havisomi bei. Ukitaka kukua, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Huwaongoza mafundi wadogo, na huwaandikia barua ya kuwatambulisha TBS ili kazi yao ikaguliwe.

Ndugu mafundi, najua safari ya wilayani ina nauli, na siku moja bila randa ni siku bila chakula. Basi msiende mmoja mmoja mkichoka njiani. Mafundi watatu au wanne wa kijiji waende siku moja, kila mmoja na kitambulisho chake na uthibitisho wa mahali pake, waanzie TRA na kuishia kwa Afisa Biashara. Asiyejua kuandika vizuri asaidiwe na kijana aliyesoma.

Nanyi akina baba na akina mama mnaonunua, msione aibu kuuliza yale maswali matatu. Fundi mwaminifu hatakasirika. Atakuonyesha leseni ukutani, atakufungulia jalada la mbao, na atakuambia ndani ya godoro mna nini. Yule atakayekasirika, mwachie godoro lake.